Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha za Nebula na Galaksi kwa Kamera ya Filamu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wenye kamera za zamani za filamu, ambao hawataki kuishia kwenye picha za mwezi na sayari, bali wanatamani kupiga nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani), vishada vya nyota na galaksi. Tumechagua barua sita ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

SWALI (Msomaji, Dodoma): Ndugu Mhariri, marehemu baba aliniachia kamera ya Pentax K1000 yenye lenzi ya milimita 50, pamoja na stendi ya miguu mitatu. Nilipakia filamu ya Ilford HP5, nikaielekeza kamera kwenye kundi la Orioni na kuacha shata wazi kwa dakika 20. Nilichopata ni mistari mitupu, na ile nebula iliyo kwenye upanga wa Orioni haionekani kabisa. Je, kosa ni la filamu, ni la lenzi, au sina budi kununua darubini?

JIBU: Darubini iache kwanza. Filamu na lenzi navyo havina kosa. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo katika dakika 20 anga lilisogea nyuzi 5 mbele ya kamera yako, ambao ni umbali wa miezi mpevu kumi iliyopangwa sambamba. Nyota angavu ina nguvu ya kuacha mstari kila inapopita, lakini mwanga wa nebula ni hafifu, na ukishatawanywa katika urefu wote huo hakuna sehemu hata moja ya filamu inayopata mwanga wa kutosha kuacha alama. Ndiyo maana mistari ilionekana na nebula ikapotea. Kwa kamera isiyofuata nyota, wapigapicha hutumia kanuni nyepesi ya kugawanya 500 kwa urefu wa lenzi. Lenzi yako ya milimita 50 inakupa sekunde 10 tu kabla nyota hazijaanza kurefuka.

Mtu wa kwanza kuipiga picha nebula hiyohiyo alikuwa Henry Draper, daktari wa New York, tarehe 30 Septemba 1880, na alihitaji dakika 51. Miaka minane baadaye, Desemba 1888, Isaac Roberts wa Uingereza alikusanya mwanga wa galaksi ya Andromeda kwa takriban saa nne hadi umbo lake la mzunguko wa konokono likajitokeza kwenye bamba la kioo. Wote wawili walikuwa na mtambo wa kuigeuza darubini taratibu ili iende sawa na anga, na huo ndio uliokosekana kwako.

Habari njema ni kwamba kwa lenzi ya milimita 50 mtambo huo unaweza kutengenezwa na seremala yeyote wa mtaani. Mpelekee mbao mbili nene zenye urefu wa kama sentimita 30, aziunganishe upande mmoja kwa bawaba imara isiyocheza, kisha atoboe ubao wa chini milimita 229 kutoka katikati ya pini ya bawaba na kuweka hapo nati ya skrubu ya M6, ambayo nafasi kati ya nyuzi zake ni milimita 1. Skrubu hiyo ikizungushwa mzunguko mmoja kamili kila dakika, ubao wa juu utajifungua kwa kasi ileile ya anga. Kamera inakaa kwenye ubao wa juu juu ya kichwa cha stendi kinachogeuka kila upande, na wewe unakaa pembeni na saa yenye mshale wa sekunde, ukiizungusha skrubu robo mzunguko kila sekunde 15. Vipimo ndivyo vinavyobeba kazi yote: milimita 229 zikiwa 235, nyota zitarefuka hata kama mkono wako ni mtulivu kiasi gani.

Pini ya bawaba lazima ielekee ncha ya anga ya kusini, yaani mahali ambapo anga la kusini huonekana kuzungukia, ambayo kwa Dodoma iko kama nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo pini italala karibu bapa. Kusini halisi unakipata mchana kwa kusimamisha fimbo wima: kivuli chake kinapokuwa kifupi kuliko vyote, kimelala juu ya mstari wa kaskazini na kusini. Njia hii haifai katika wiki za mwanzo za Machi na Oktoba, jua la Dodoma linapopita utosini na kivuli kukosekana. Kabla ya kufunga kila kitu, hakikisha pia kwamba ubao unapojifungua kamera inageuka kutoka mashariki kwenda magharibi.

Kuhusu kamera, umerithi inayofaa sana. Betri ya K1000 ni ya kipima mwanga tu. Shata yake huendeshwa kwa springi na hukaa wazi kwenye alama ya B usiku kucha bila umeme, tofauti na kamera nyingi za baadaye ambazo hushikilia shata kwa nguvu ya betri na kuimaliza. Tafuta waya wa kufyatulia wenye kifungio. Ziba lenzi kwa kadibodi nyeusi bila kuigusa, fungua shata, subiri mtikisiko wa kioo utulie kwa sekunde chache, kisha ondoa kadibodi. Punguza tundu la lenzi kutoka f/2 hadi f/2.8 (namba ikikua, tundu linapungua), kwa sababu likiwa wazi kabisa nyota za pembeni mwa picha huota mabawa, na anza na dakika nane hadi kumi.

Neno la mwisho ni la majira. Orioni hupendeza jioni za Januari, wakati ambao kwenu mvua imeshika. Itafute mwanzoni mwa Novemba kuanzia saa saba usiku. La sivyo, tumia kiangazi: mwishoni mwa Mei, saa tatu usiku, kishada cha Omega Centauri hufika kilele chake upande wa kusini kwenye nyuzi 49 hivi, na mwanzoni mwa Agosti, saa hiyohiyo, kundi la Kausi na kitovu cha Njia Nyeupe huwa karibu na utosi. Wapigapicha wa Ulaya ya kaskazini hukiona kitovu hicho kikitambaa juu ya paa za nyumba.

SWALI (Msomaji, Nairobi): Ndugu yangu aliyeko Ujerumani amenitumia stendi ya ikweta yenye mota, ile inayogeuza kamera au darubini kufuata nyota. Kijitabu chake kinaniagiza nielekeze mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini kupitia kidarubini kilichomo ndani ya mhimili wenyewe. Nyota hiyo sijawahi kuiona hapa. Nifanyeje?

JIBU: Wala hutaiona. Nairobi iko nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo hubaki chini ya upeo wa macho au huugusa tu. Ncha ya kusini nayo iko nyuzi 1.3 tu juu ya ardhi, imezibwa na vilima, nyumba na vumbi, na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata mtu wa Cape Town huitafuta kwa taabu. Kidarubini hicho kifunike tu. Utatumia njia ya kutazama nyota ikiteleza, ambayo haihitaji kuiona ncha yoyote, na kwa maoni yangu ni sahihi zaidi kuliko vidarubini vingi.

Weka stendi ikielekea kusini kwa makadirio, kisha tia kwenye darubini kijicho chenye nywele mbili zilizopishana, cha kukuza sana. Chagua nyota iliyo karibu na utosi, kwa kuwa ikweta ya anga inapita hapo kwenu, uiweke kwenye makutano ya nywele na uiache mota ifanye kazi kwa dakika tano. Usijali ikisogea mashariki au magharibi. Angalia kaskazini na kusini peke yake. Ikiteleza kuelekea kaskazini, ncha ya kusini ya mhimili imeelekea mno mashariki, na ikiteleza kuelekea kusini, imeelekea mno magharibi. Rekebisha kidogo kidogo hadi mtelezo uishe. Kisha hamia kwenye nyota iliyo upande wa mashariki, juu kidogo ya upeo wa macho. Hii ikiteleza kuelekea kusini, ncha ya kusini ya mhimili imeinuliwa kupita kiasi. Ikielekea kaskazini, imeinama kupita kiasi. Rudia nyota ya kwanza, kwani marekebisho ya pili huharibu kidogo yale ya kwanza.

Lipo tatizo jingine ambalo vijitabu vya Ulaya havilitaji kwa kuwa waandishi wake hawajawahi kulikuta. Stendi nyingi zimeundwa kwa ajili ya nchi zilizo mbali na ikweta na hazikubali kuinamishwa hadi nyuzi 1. Wengi hulitatua kwa kuweka kabari ya mbao au kufupisha mguu mmoja ili stendi nzima ilale, lakini hapo kitovu cha uzito huhama, na kamera ya bei mbaya inaweza kwenda chini pamoja na darubini. Fungia mawe au mfuko wa mchanga katikati ya miguu. Vilevile, mhimili ukilala hivyo, jiwe la mizani hugonga mguu wa stendi katika baadhi ya mielekeo. Zungusha kila kitu mchana, mota ikiwa imezimwa, ujue ni wapi litagonga, maana ukiwa gizani na shata iko wazi hutasikia ila mlio wa mota ikisaga meno.

Kwa lenzi isiyozidi milimita 100 na dakika kumi, stendi iliyopangwa vizuri haihitaji kusimamiwa. Ukivuka milimita 200, kasoro za meno ya gia huanza kuonekana kwenye picha, na itakubidi ufunge darubini ndogo kando ya kamera, uchague nyota moja na kuishikilia kwenye nywele kwa vitufe vya mota, jicho lisibanduke, hadi shata ifungwe.

SWALI (Msomaji, Arusha): Ninayo stendi inayofuata nyota na lenzi ya milimita 135. Nilipiga nebula ya M8 iliyoko kwenye kundi la Kausi kwa HP5, dakika 10 na kisha dakika 30, nikiwa nimeweka tundu f/4. Sioni tofauti kubwa kati ya picha hizo, na nebula ni kivuli tu. Je, ninunue filamu gani?

JIBU: Una matatizo mawili, na ni moja tu linalotibiwa kwa kubadilisha filamu.

La kwanza ni kwamba filamu huchoka. Fuwele ya chumvi ya fedha iliyomo kwenye filamu inahitaji chembe kadhaa za mwanga, zikifika karibukaribu, ili ishike alama itakayodumu hadi kwenye dawa. Mwanga ukiwa hafifu sana, chembe ya kwanza huanzisha alama, nayo hufutika kabla ya pili kufika. Karl Schwarzschild, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa hesabu za mashimo meusi, alilipima jambo hili kwenye kituo kimoja cha anga huko Vienna mwishoni mwa karne ya 19. Kampuni ya Ilford inatoa kipeo cha 1.31 kwa HP5, yaani muda uliopimwa kwa sekunde unapandishwa kwenye kipeo hicho: mwanga ambao ungehitaji sekunde 100 kama filamu isingechoka utahitaji kama sekunde 417, na ule wa sekunde 1,000 utahitaji zaidi ya saa mbili na dakika ishirini. Ndiyo maana ulipoongeza muda mara tatu, ulichovuna ni mara 2.3 tu, na wakati huohuo mwangaza wa anga lenyewe uliendelea kuikoza filamu rangi ya kijivu.

Hesabu hiyohiyo ina upande mzuri. Ukilifungua tundu kutoka f/4 hadi f/2.8, mwanga unaongezeka mara mbili, lakini kwa sababu filamu sasa inachoka kidogo, muda unapungua kwa karibu mara mbili na nusu: kazi ya dakika 25 inakwisha kwa dakika 10. Ndiyo sababu huwa nawasihi wanaoanza wasikimbilie kufunga kamera nyuma ya darubini ndefu ya f/10. Lenzi ya kawaida yenye tundu pana, chini ya anga lenye giza la kweli, itawashinda wenye darubini hizo kwa muda mrefu.

Tatizo la pili ni rangi. M8 hung'aa zaidi kwa mwanga mwekundu wa hidrojeni wa nanomita 656.3, na uwezo wa HP5 wa kuona wekundu unakatika karibu na nanomita 650. Unapiga picha ya kitu ambacho filamu yako karibu haikioni. Kwa filamu hiyohiyo utafurahia zaidi vishada, galaksi, Kilimia na mawingu yake ya buluu, na hata nebula ya Orioni, ambayo kitovu chake hutoa pia mwanga wa kijani wa oksijeni kwenye nanomita 500.7. Kwa nebula nyekundu, jaribu Ilford SFX 200, ambayo huona hadi karibu nanomita 740, au, ukitaka rangi, Kodak Ektachrome E100 iliyorudi sokoni mwaka 2018. Fujifilm Provia 100F nayo inasifika kwa kutochoka haraka. Watengenezaji wake wanasema haihitaji nyongeza ya muda hadi sekunde 128.

Utasikia pia wazee wa fani hii wakiisifu Kodak Technical Pan, ambayo ilioshwa kwanza kwa gesi ya naitrojeni iliyochanganywa na hidrojeni kidogo ili isichoke. Sifa hizo ni za haki, lakini filamu hiyo ilikoma kutengenezwa mwaka 2004, na mikanda inayouzwa leo mtandaoni imezeeka kiasi ambacho mimi nisingeilipia hata shilingi.

SWALI (Mwanafunzi, Iringa): Mzee wetu, shikamoo. Kamera za kidijiti zipo na hata simu zinapiga nyota. Kwa nini mtu ajisumbue na filamu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kama lengo lako ni kupata nebula nyingi kwa gharama ndogo na muda mfupi, chukua kamera ya kidijiti. Filamu hunufaika na takriban asilimia 1 tu ya mwanga unaoifikia, ilhali kihisio cha kidijiti hunasa zaidi ya nusu. Anayechagua filamu huichagua kwa sababu ya kamera isiyohitaji umeme, kwa sababu ya picha inayojengeka yenyewe katika mkao mmoja mrefu, na kwa sababu ya negativu inayoshikika mkononi. Bamba la kioo ambalo mtaalamu wa nyota Edwin Hubble alilipiga kwenye kituo cha anga cha Mount Wilson, Marekani, mnamo Oktoba 1923, na kuandika juu yake kwa wino kwamba nyota mojawapo ya Andromeda inabadilika mwangaza, limehifadhiwa Pasadena hadi leo, na bado linasomeka bila programu yoyote.

SWALI (Msomaji, Mombasa): Studio ya hapa ilinirudishia negativu zimekatwa katikati ya picha. Nimeamua kusafisha mwenyewe filamu ya nyeusi na nyeupe. Maji ya bomba yana joto; je, yatafaa?

JIBU: Fundi wa studio usimlaumu sana. Kwenye filamu ya nyota kila kitu ni kitupu, na haoni picha moja inaishia wapi. Kila mkanda anza na picha moja ya mchana, ya nyumba au mti, ili apate pa kuanzia kupimia, na uandike kwenye bahasha kwamba filamu isikatwe.

Kusafisha mwenyewe ni uamuzi mzuri. HP5 katika dawa ya D-76 isiyoongezwa maji inahitaji dakika 7 na nusu kwenye nyuzi joto 20. Maji ya Mombasa yakiwa nyuzi 28 au 29, dawa hufanya kazi haraka mno, muda hushuka hadi dakika chache ambazo huwezi kuzidhibiti, na kumwaga dawa kwa kuchelewa nusu dakika kunatosha kuharibu kazi ya usiku mzima. Pozesha. Chukua beseni kubwa la maji, tia chupa za soda zilizojazwa maji na kugandishwa kwenye friza, uzamishe humo chupa zote za dawa pamoja na maji ya kusuuzia, na kipimajoto kisikutoke mkononi. Usitie barafu ndani ya dawa yenyewe, kwa maana itaizimua. Vyote viwe kwenye joto moja, hata maji ya mwisho, kwa sababu filamu iliyotoka kwenye dawa ya nyuzi 20 ikatumbukizwa ghafla kwenye maji ya nyuzi 29 inaweza kukunjamana ngozi yake.

Nebula ikitoka hafifu, unaweza kuongeza muda wa dawa hadi dakika 12 na nusu, kana kwamba filamu ni ya ISO 1600, yaani nyepesi zaidi kushika mwanga. Chembe za fedha kwenye picha zitakuwa kubwa na anga litakuwa zito zaidi, lakini nebula itajitenga nalo vizuri zaidi. Fanya hivyo kwa mkanda uliopigwa mbali na mji; ule uliopigwa karibu na taa za Nyali utakupa kijivu kizito zaidi na si kingine.

SWALI (Msomaji, Maskati): Nitasafiri kwenda Unguja na filamu kumi. Je, mashine za uwanja wa ndege zitaziharibu? Na joto?

JIBU: Usiziweke kamwe kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kwa kuwa mionzi ya huko ni mikali. Beba mkononi, ndani ya mfuko unaopenyesha macho, zikiwa zimetolewa kwenye maboksi, na uombe kwa adabu zikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za mizigo ya mkononi, zile zinazoizunguka na kuichunguza kila upande, zinaweza kuikoza filamu kwa kupita mara moja tu, na filamu ya nyota huumia upesi kwa sababu vitu tunavyovitafuta viko juu kidogo tu ya weusi wa filamu tupu.

Gari lililoegeshwa juani, iwe Maskati au Unguja, si mahali pa filamu hata kwa nusu saa. Zihifadhi kwenye friji, na unapozitoa ziache ndani ya kopo lake kwa saa moja au mbili hadi zipate joto la chumba. Ukilifungua kopo mapema katika hewa ya Unguja, unyevu utatua moja kwa moja juu ya filamu. Ukishapiga, safisha mkanda mapema hata kama picha kadhaa zimebaki, kwa kuwa alama iliyoshikwa kwa mwanga hafifu huendelea kufifia ndani ya filamu ambayo haijasafishwa, na joto huiharakisha.